Ripoti za ajali za ndege zitufikie wananchi

Mhariri,

Sisi wakazi wa Lang'ata huziona ndege ndogo zikija kutua Wilson, ziko chini hata magurudumu unayahesabu ukiwa barazani, nasi roho mkononi. Wakati huo mwendo umepungua. Mbawa zikishindwa kuibeba ndege, rubani hana nafasi ya kujinasua.

Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi iliyotoka Nairobi ilianguka ikijaribu kutua Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walikufa, wakiwemo wabunge 5 waliokuwa kwenye safari ya kupatanisha jamii. Msiba ule bado unaniuma.

Rambirambi hutolewa upesi; maelezo ndiyo hukawia. Kwa ndege za kiraia, kanuni za kimataifa zinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Naiomba serikali izitangaze kwa Kiswahili chepesi, redioni na magazetini. Mjane wa rubani ana haki ya kujua kilichotokea dakika zile za mwisho, na vijana wanaojifunza urubani hapo Wilson pia.

Mkazi wa Lang'ata,
Nairobi