Afande, naomba namba ya taarifa yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wa baiskeli wa barabara ya Himo–Moshi tumelinyamazia muda mrefu.

Mimi ni muuza maziwa. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi natoka Kiboriloni kwenda mjini na madumu mawili ya lita 20, moja kila upande wa kariya. Baiskeli yangu ina breki, kengele, taa ya mbele na riflekta nyuma. Nakaa kushoto kabisa, pale lami inapoishia. Ukiwa na lita 40 nyuma huwezi kuruka pembeni ghafla. Ukingo wa lami umemegeka, gurudumu la mbele likitumbukia kwenye changarawe usukani unakuponyoka.

Mwezi uliopita daladala iliyokuwa inatoka mjini ililipita lori, ikaja moja kwa moja upande wangu. Dereva aliniona. Najua aliniona kwa sababu aliniwashia taa mara mbili na kupiga honi, yaani mimi niliye upande wangu ndiye nimpishe. Nikajitupa mtaroni. Dumu moja lilipasuka, na mpaka najinyanyua maziwa yalishageuka matope. Namba ya gari niliishika. Niliirudia kwa sauti, tena na tena, hadi mama mmoja anayeuza chapati pale kando akanipa kalamu, nikaiandika mkononi.

Kituoni (sitataja kituo gani) afande wa zamu aliutazama mkono wangu, akauliza, "Mangi, umeumia wapi?" Nikamwambia sijaumia, nimekuja kumshtaki dereva. Akasema kama sijaumia hakuna PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, sasa afungue jalada la nini? Nilipombembeleza sana aliandika namba ya gari kwenye karatasi aliyochana daftarini, akaniambia nirudi baada ya wiki. Nilirudi. Karatasi haikuonekana, na afande yule alikuwa amehamia zamu ya usiku. Hakuna aliyenitukana, nisiseme uongo. Lakini sikuwa na namba ya RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha polisi, na kituoni asiye na RB ni kama hajawahi kufika.

Mhariri, hilo ndilo linaloniuma. Mwaka juzi jirani yangu, naye mtu wa baiskeli, aligongwa na gari akafariki barabara hiyohiyo. Siku hiyo trafiki walifika, wakapima lami kwa futi kamba, wakachora, wakaandika majina ya mashahidi kurasa kwa kurasa. Kuandika wanajua, na wanaandika vizuri. Kwa nini kalamu isubiri mpaka mtu afunikwe kanga? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haisubiri hivyo. Kuendesha gari kwa namna inayohatarisha watu ni kosa peke yake, hata kama hakuna aliyechubuka.

Wenzangu wengi hawaendi kabisa kituoni. Maziwa hayangoji, ukikaa kwenye benchi hadi saa nne jua likiwaka yameshaganda, na siku nzima imekwenda.

Ombi langu ni hili. Kila dawati la trafiki liwe na daftari la taarifa hizi, na mtu akileta namba ya gari, mahali, saa, na shahidi kama yupo, aandikwe na apewe namba yake ya taarifa. Kisha dereva aitwe, aulizwe. Sisemi afungwe kwa neno langu. Naye ana haki ya kujieleza. Na wapo wenzetu wanaokatiza barabara ovyo au kupita usiku bila taa, hao nao waonywe. Lakini gari moja likiandikwa na watu watatu wasiojuana, trafiki watajua asubuhi wakasimame wapi, na LATRA, wanaosimamia usafiri wa ardhini, watakuwa na kitu cha kuangalia mwenye gari anapoomba tena leseni ya njia. Uingereza polisi wanapokea hata video za waendesha baiskeli, na madereva wanapelekwa mahakamani kwa hizo. Sisi hatuna kamera kwenye usukani. Tuna macho na kalamu, na kwa kuanzia vinatosha.

Ningefurahi pia kama kwenye Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, pale magari yanapobandikwa stika, trafiki wangekaa nasi hata saa moja tu pale soko la Kiboriloni watusikilize.

Tangu siku ile natembea na daftari dogo kwenye mfuko wa shati. Lina magari tisa: namba, saa na mahali. Moja limejirudia. Ni daladala ileile, muda uleule, karibu na mtaro nilioangukia. Trafiki wakilihitaji nitalileta mwenyewe, hata kesho, nikishamaliza kugawa maziwa.

Muuza maziwa,
Kiboriloni, Moshi