Barua ya Wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Na Waliomlilia Baba Waandikwe

Kisumu
7 Januari 2026

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani,
Nairobi.

KUH: MAJINA YA WALIOKUFA KATIKA MAOMBOLEZO YA RAILA ODINGA

Mheshimiwa Waziri,

Leo Raila Amolo Odinga, mwanasiasa tuliyemwita Baba, angetimiza miaka 81. Hapa soko la Kibuye ninapouza omena, mwenzangu wa meza ya pili amekuja amejifunga leso yenye picha yake, zile zilizouzwa mwezi wa Oktoba. Imeshafuliwa mara nyingi na rangi imeanza kuchujuka kwenye kofia. Nilimwambia aiweke, asiifanyie kazi. Akanijibu kwamba Baba hakuwa mtu wa kuwekwa sandukuni.

Leso hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Nilizaliwa mwaka wa uhuru, kwa hivyo tarehe 25 Oktoba 1969 nilikuwa na miaka sita. Mama alinivalisha gauni la kanisani akanishika mkono, tukaenda kumwona Rais Kenyatta akifungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Ndiyo maana mpaka leo hapa Kisumu tunaiita Russia, ingawa bango la langoni lina jina la Jaramogi Oginga Odinga, babake Raila. Tom Mboya, waziri wa Kijaluo, alikuwa ameuawa Nairobi Julai 5, miezi mitatu na ushee nyuma. Watu walikuwa bado na kilio kifuani, maana hata siku ya misa yake pale kanisa la Holy Family waombolezaji walifukuzwa kwa moshi wa kutoa machozi. Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba watu wanapiga kelele za "Dume!", wito wa chama cha KPU cha Jaramogi, na kwamba wakubwa wawili waliokuwa marafiki, Kenyatta na Jaramogi, wanarushiana maneno mbele ya kadamnasi.

Halafu msafara ukaondoka, na bunduki zikalia. Mama alinisukuma chini ya meza ya fundi wa cherehani akanilalia. Ninachokumbuka ni harufu ya mafuta ya cherehani, na kiatu changu kimoja kikiwa nje, juani, na mimi nikilia nikitaka kukifuata.

Serikali ilisema wamekufa watu 11. Wazee wa Kisumu hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Jaramogi akawekwa kizuizini, na siku tano baada ya risasi zile KPU ikapigwa marufuku. Tangu hapo nimepita barabara ile ya kwenda Russia mara zisizo na idadi. Nimeipita nikienda kujifungua, nikienda kuuguza, nikienda kuchukua maiti. Kwa miaka 56 sijaona kando yake jiwe lenye jina la hata mmoja wao. Mama alifariki akiwa bado anawataja wanne aliowafahamu, kwa jina na jina la baba, kila alipoosha vyombo jioni. Mimi nimebaki na mawili. La tatu nalikumbuka nusu.

Sasa tuje kwenye Oktoba iliyopita.

Habari za kifo cha Raila zilitufikia Jumatano tarehe 15. Alikuwa India, kule Kerala, kwa matibabu. Asubuhi alitoka kutembea, akaanguka. Alhamisi ndege ikatua Nairobi na Winnie akashuka ameishika kofia ya babake. Soko zima hapa lilikuwa limejikusanya kwenye televisheni ya duka la simu, na kofia ile ilipotokea mlangoni mwa ndege wanawake walipiga ukemi ambao sijausikia tangu Jaramogi mwenyewe alipofariki Januari 1994. Watu walikuwa wamefurika uwanja wa ndege mpaka ndani. Maiti ilikuwa ipelekwe Bunge, ikahamishiwa uwanja wa Kasarani kwa ajili ya wingi wa watu. Kasarani geti likavunjwa, polisi wakafyatua risasi, na watu wasiopungua watatu wakafa. Siku ya pili, uwanja wa Nyayo, watu wakakanyagana. Jumamosi akaletwa kwetu, uwanja wa Mamboleo.

Mamboleo nilikuwepo. Nilifika usiku, na kulipopambazuka sikuweza kuinua mkono kujipangusa uso kwa jinsi tulivyobanana. Msichana mmoja mbele yangu alizimia, akapitishwa juu ya vichwa vyetu kama gunia, mkono kwa mkono, mpaka kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Waliojeruhiwa siku ile walikuwa wengi. Nilimwona Baba kwa muda wa kupepesa jicho mara mbili. Nilirudi nyumbani sina sauti, na sikujuta.

Nakiri kwamba sisi pia tulikosa. Geti la uwanja si la kuvunjwa, na mahali ndege zinapotembea si mahali pa kukimbilia. Mpwa wangu aliyekuwa Kasarani nilimgombeza kwa simu mpaka salio likaisha. Lakini naomba nikueleze jambo moja, Mheshimiwa, kwa sababu huenda hapo ofisini hakuna aliyekueleza, na huenda kijana uliyempa bunduki asimame getini hakuwahi kulisikia kabisa.

Kwetu sisi Wajaluo, mtu mkubwa akifa haombolezwi kwa kukaa kimya kwenye kiti. Kuna tero buru. Wanaume hutoa mafahali zizini, hushika mikuki na ngao, hupuliza pembe, wakaenda hadi ukingoni mwa nchi kukifukuza kifo. Wakisharudi hawaingii kwa kunyata. Wanaingia bomani mbio, na vumbi, na matawi ya miti mikononi, wakizunguka nyumba ya marehemu kwa kishindo. Ng'ombe wanaruka, mama wanapiga kelele, mtu anatamba kwa majigambo ya ukoo wake. Anayeingia kimya ndiye anayetiliwa shaka, maana huenda hakumpenda marehemu. Kuingia kwa kishindo ndiyo adabu yenyewe. Hata lile neno la "Jowi! Jowi!" ulilolisikia kwenye televisheni ni kilio, ni kumwita nyati aliyeanguka.

Kwa hivyo polisi wa miaka 24, aliyelelewa mbali na ziwa, akiona vijana elfu kadhaa wanamjia mbio na matawi wakipiga mayowe, macho yake yanamwambia ni ghasia. Simlaumu kwa macho yake. Namlaumu aliyemsimamisha pale bila kumwambia anatazama nini. Matawi, Mheshimiwa! Nchi hii mtu akibeba tawi anakuambia hana silaha.

Tena tazama ni msiba wa nani. Raila alikamatwa mwaka 1982 baada ya jaribio la mapinduzi, akakaa kizuizini bila kuhukumiwa mpaka 1988. Mwaka 1984 mamake, Mary Juma, akafariki. Askari jela walichukua miezi miwili kumwambia. Miezi miwili mtu anakula, analala, anamwombea mamake afya njema, na mama yuko kaburini. Alipoambiwa matanga yalikuwa yameshaisha. Nafikiri mtu aliyenyimwa kilio namna ile ndiye ambaye serikali yoyote, hata isiyompenda, ingejitahidi kwa vyovyote kilio chake kisiwe cha damu.

Kwenye redio tangu Oktoba habari ni ya mrithi tu. Nani atashika chama, nani atavaa kofia. Wanaojua siasa waendelee, mimi sina neno hapo. Ila najiuliza Raila mwenyewe alirithi nini. Babake alikuwa makamu wa rais kuanzia 1964, mwaka 1966 akajiuzulu, na baada ya hapo akawa mtu wa kufungiwa na kuandamwa. Alichomwachia mwanawe hasa ni watu, hawa hawa wanaojaa barabarani. Naye mwana ambaye Raila alimwandaa, Fidel, alimtangulia Januari 2015, akiwa na miaka 41, na mzee akasimama juu ya kaburi la mwanawe kule Bondo, jambo ambalo kwetu ni kama mto kurudi mlimani. Oktoba 19 tukamlaza na yeye, kwenye boma la Kang'o ka Jaramogi, karibu na babake. Boma lile sasa lina vizazi vitatu ardhini.

Na sisi tusio na majina makubwa pia tuna tulichorithi. Mama yangu alirithiwa na mimi kule chini ya meza ya cherehani. Mpwa wangu amenirithi Kasarani. Alirudi kwa basi la usiku amevaa kiatu kimoja. Aliposhuka pale stendi nikamtazama mguu, nikashindwa kusema pole. Alidhani bado nimekasirika.

Ninachokuomba si kikubwa. Walikufa watu kwa sababu walikwenda kumlilia mtu. Naomba majina yao yatangazwe rasmi na serikali, kwenye Gazeti Rasmi, pale pale yanapotangazwa majina ya wakubwa wanaoteuliwa, na kila jina liandikwe alikufia wapi na kwa nini: huyu kwa risasi, yule kwa kukanyagwa. IPOA, ile mamlaka inayochunguza polisi, ikiwa na la kusema juu ya waliopigwa risasi, familia zisikie kwanza, kabla ya waandishi wa habari. Fidia sheria itajua yenyewe, sitaki kuizungumzia hapa kwa sababu watu wakisikia fidia husahau kilichotangulia. Na siku serikali itakapomjengea Raila chochote, iwe sanamu, iwe uwanja, iwe barabara, majina ya hao yawekwe hapo chini, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzisoma bila kuchuchumaa.

Najua utaambiwa na washauri wako kwamba ukiandika majina utakuwa umekiri kosa. Mwaka 1969 nadhani kuna mtu alishauriwa hivyo hivyo. Matokeo yake ndiyo haya: mimi mwanamke wa miaka 62 naorodhesha wafu kichwani nikipima omena, nikiogopa kusahau jina la pili.

Jambo lingine ni la Oktoba ijayo. Utake usitake, watu watakuja, Bondo na hapa pia, kwa kumbukumbu ya mwaka. Tafadhali usipange na majenerali peke yao. Mazishi yale yalipangwa vizuri sana kwa wageni wa heshima. Viti vyao vilihesabiwa, gwaride likafanywa, mizinga ikalia. Sisi wengine tulipangiwa ukuta. Waite wenyeviti wa bodaboda, wanajua kila kichochoro. Waite kina mama wa vyama vya kuzikana, tunaojua kulisha watu mia tano kwa sufuria nne bila mtu kusukumana. Waite mashabiki wa Gor Mahia. Usicheke, Mheshimiwa. Wamewahi kukuchosha, najua, lakini Baba alikuwa mlezi wa timu ile, na wale vijana wakipewa fulana na filimbi waambiwe "hawa ni wageni wenu", watashika mstari kuliko askari yeyote. Milango iwe mingi na iachwe wazi tangu usiku. Maji yawepo. Foleni itembee polepole usiku kucha, kama ilivyotembea kwingi duniani wakubwa wanapoagwa. Na aliye getini awe mtu anayejua Jowi ni nini.

Waswahili wanasema kifo cha wengi arusi. Nilikuwa napenda kuisikia methali hiyo. Siku hizi ikitajwa mazishini nafikiria wale wa Kasarani, nani aliwazika, na walikuja watu wangapi.

Mheshimiwa, mwenzangu wa meza ya pili amenisomea barua hii kwa sauti kwa sababu miwani yangu imevunjika mkono, na anasema nimekuwa mrefu. Basi. Ukiona vyema kutuma mtu aje kuandika majina mawili na nusu niliyo nayo ya mwaka 1969, yaungwe na haya mapya, nipo Kibuye upande wa samaki wakavu. Aulizie mama wa omena mwenye miwani iliyofungwa uzi. Asije Jumapili, ndiyo siku ya soko kubwa, hatutapata nafasi ya kuongea. Siku nyingine zote nipo mpaka saa kumi na mbili jioni.

Wako mwaminifu,
Mama wa omena,
Soko la Kibuye, Kisumu