Wagonjwa nao wanahitaji miti dirishani

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa miaka 22 bila kuandika neno, lakini makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu manufaa ya kutembea msituni yameniacha na uchungu, kwa kuwa yalikomea kwenye lango la msitu wa Karura hapa Nairobi kana kwamba mgonjwa anaweza kuinuka kitandani akajiendea.

Mliyoyasema kuhusu Japani, ambako tangu 1982 watu huhimizwa "kuoga msitu", yaani kutembea taratibu kati ya miti kwa ajili ya afya, sina ubishi nayo. Mliuacha, hata hivyo, utafiti ambao ungewagusa wengi: mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kwamba katika hospitali moja ya Pennsylvania, wagonjwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo na kulazwa penye dirisha linalotazama miti walirudi nyumbani mapema, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache, kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali.

Oktoba mwaka jana mama yangu alivunjika nyonga, akalazwa katika hospitali moja hapa Nairobi, kitanda chake kikielekea mjakaranda mkubwa. Aliugulia maumivu usiku kucha, lakini kulipopambazuka na kwarara kuanza kelele zao, alijiinua kwa kiwiko kuwatafuta matawini huku uji ukipoa. Siku ya nne walikuja vijana wenye msumeno wa injini. Kufikia saa sita mti ulikuwa chini, maua ya zambarau yametapakaa juu ya unga wa mbao, na nilipouliza nikajibiwa kwamba magari hayana pa kuegeshwa. Mama aliniomba nimgeuze atazame ukuta, na uji wa jioni hakuugusa.

Hata miche tuliyoipanda mtaani kwetu tarehe 13 Novemba 2023, siku ambayo nchi nzima ilipewa mapumziko ili ipande miti, ilikauka kabla ya Machi kwa kukosa wa kuimwagilia maji. Profesa Wangari Maathai hakuumizwa kichwa Januari 1999, akitaka kupanda mche Karura, ili sisi tuhesabu inayopandwa na kuisahau inayokufa.

Hospitali inayotaka kukata mti ulio karibu na dirisha la wodi ipate kwanza saini ya muuguzi mkuu wa wodi hiyo. Na penye kisiki cha mjakaranda ule, ambapo sasa huegeshwa magari mawili, upandwe mwingine. Nitaumwagilia maji mwenyewe kila Jumamosi.

Msomaji wenu,
Kahawa West, Nairobi