Sehemu ya tatu usiikate

Napoli, 7 Januari

Shoga yangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa Raskazone. Mimi sijambo, ila baridi inanila vidole. Bibi ninayemtunza naye hajambo, mdomo wake bado mkali, jana kaniambia supu yangu inafaa kuoshea sakafu.

Ama baada ya salamu, picha za daftari lako zimenifikia zote. Nimekisoma kichekesho chako usiku, nimejiziba mdomo kwa kanga nisimwamshe Bibi. Yule mzee aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, kisha siku ya kukabidhi akajitia uziwi, umempata barabara! Halafu nikafika pale ulipoandika kwa kalamu nyekundu kwamba yule bwana wa kikundi cha maigizo kasema sehemu ya tatu itoke, mzee asiugue, kwa kuwa watu wametoa kiingilio wacheke, hawakuja kuhani. Nikaona ujumbe wa simu hautatosha. Keti, chai iwe karibu.

Mji huu una mtu anayeitwa kwa jina lake la kwanza tu, kama vile ni mjomba wa kila mtu: Eduardo. Kwa ukamilifu ni Eduardo De Filippo, mwandishi na mwigizaji, kazaliwa hapahapa mwaka 1900, kafia Roma mwaka 1984. Kila Krismasi watu hutazama kwenye runinga igizo lake la familia ya Cupiello, na Bibi hutazama huku akiwatangulia waigizaji kwa maneno. Krismasi yangu ya kwanza hapa sikuambulia kitu, maana ni Kinapoli kitupu, siyo kile Kiitaliano nilichosomea. Hii ilikuwa ya nne. Nimecheka pale anapocheka Bibi, na mwisho nikajikuta nalia naye.

Mzee Luca Cupiello yumo nyumbani mwake na gundi na makaratasi, anatengeneza pango la Krismasi, lile la vinyago vya kuzaliwa Yesu. Nyumba yote inawaka moto naye hana habari. Binti yake anataka kumkimbia mume amfuate bwana mwingine, barua ya kuaga imeshaandikwa, na ni huyo huyo mzee, kwa wema wake, anayeipeleka mikononi mwa mume, kisha anamkaribisha yule bwana mwingine chakula cha Krismasi. Yeye haja yake ni moja. Anamwuliza mwanawe wa kiume, mvivu aliyejifunika blanketi gubigubi: je, pango unalipenda? Silipendi. Anauliza tena, silipendi. Mtoto hata halitazami. Ukumbi mzima unavunjika mbavu.

Sehemu ya tatu mzee kalala, kiharusi kimemwangusha siku ile alipoujua ukweli. Macho hayaoni vizuri. Yule bwana wa nje anakuja kumjulia hali, mzee anamdhania ni mkwewe, anaushika mkono wake na mkono wa binti yake, anawaunganisha na kuwabariki mbele ya majirani waliokuja kuuguza. Utacheka au utalia? Bibi alikuwa anafanya yote mawili, leso mkononi. Kisha mzee anamgeukia mwanawe, anauliza lile swali lake. Na mtoto, kwa mara ya kwanza, anajibu ndiyo.

Sasa shoga, hapa ndipo nilipokukumbuka. Igizo hilo halikuandikwa hivyo kwa mara moja. Lilipoonyeshwa kwanza, tarehe 25 Desemba 1931 katika ukumbi wa Kursaal, lilikuwa sehemu moja tu, ile ambayo sasa iko katikati, ya chakula cha Krismasi. Ulikuwa ukumbi wa sinema, yeye na ndugu zake waliigiza kabla ya filamu, mkataba wenyewe wa siku 9. Watu wakawagandia, wakakaa mpaka Mei. Mwanzo aliuongeza baadaye, na kifo cha mzee kikaja mwisho kabisa. Eduardo mwenyewe alikuwa akitania kwamba kazaa mapacha watatu kwa mimba ya miaka minne. Kwa hiyo alikuwa na kichekesho kinachojaza ukumbi, kinampa kula, hakuna aliyemwomba aongeze msiba. Akaongeza.

Nadhani alikuwa anayajua ya nyumba zenye siri. Baba yake alikuwa Eduardo Scarpetta, mchekeshaji mkubwa kuliko wote wa Napoli wakati huo, mwenye mke na watoto wake. Mama yake, Luisa, alikuwa mpwa wa huyo mke. Watoto wakawa watatu, Titina, Eduardo na Peppino, wakapewa jina la mama, na baba yao wakafundishwa kumwita mjomba. Mjomba huyo ndiye aliyempandisha jukwaani akiwa na miaka 4, kavalishwa Kijapani, na ndiye aliyekuwa akimkalisha kunakili maigizo kwa mkono, karatasi baada ya karatasi. Adhabu hiyo ikawa ndiyo chuo chake.

Watatu hao waliunda kikundi chao mwaka 1931 wakavuma Italia nzima, ingawa serikali ya kifashisti haikuzipenda lahaja jukwaani. Mwaka 1944 Eduardo na Peppino wakagombana, wakaachana. Inasemwa mengi, kila mtu na upande wake. Bibi yuko upande wa Peppino na hataki kujadili. Titina alibaki na Eduardo, na miaka miwili baadaye ndiye aliyeigiza Filumena Marturano, yule mwanamke aliyejifanya mahututi ili bwana waliyekaa pamoja miaka 25 amwoe, kisha akamwambia kwamba mmoja kati ya wanawe watatu ni wake, na hatamwambia ni yupi. Hilo likafika mpaka kwenye filamu ya Sophia Loren. Nitakusimulia siku nyingine.

Lile ninalotaka ulione ni la tarehe 25 Machi 1945. Vita bado vinaendelea kaskazini, Napoli imejaa askari wa kigeni, njaa na magendo. Eduardo anaonyesha Napoli milionaria! katika San Carlo, nyumba ya opera ya wakubwa. Mwanzoni ni kicheko: mke anauza vitu vya magendo, vimefichwa chini ya godoro. Polisi wakija, mumewe Gennaro hulazwa juu yake, kafa, mishumaa inawashwa, wanawake wanaangua kilio. Siku hiyo sajenti wa polisi haondoki. Anajua mchezo, anaketi akimsubiri marehemu aamke. King'ora kinalia, mabomu yanaanguka, waombolezaji wanatoka mbio kwenda kujificha, na maiti haijatikisa hata ukope. Mwisho ni sajenti anayesalimu amri, anamwahidi hatamkamata, maana kumgusa maiti ni kufuru, lakini kumtia mikononi mzima wa namna hii ni kufuru zaidi.

Kisha Gennaro anapotea vitani, anarudi amekonda, anakuta nyumba imejaa dhahabu na hakuna anayetaka kusikia aliyoyaona. Mtoto mdogo anaumwa, dawa haipatikani mjini kwa bei yoyote, na anayeileta ni yule mtu ambaye mke wa Gennaro alimkamua mpaka akamchukulia nyumba yake. Igizo linaishia hapo, wamekaa wanangoja usiku upite. Hatuambiwi kama mtoto amepona! Eduardo alisimulia kwamba pazia lilipoanguka kulikuwa kimya sekunde 8 au 10, kisha makofi ya wendawazimu na kilio kisichozuilika. Watu wale wale waliokuwa wamecheka maiti.

Mwambie bwana wa kikundi hayo, ila usimwambie nimeyasema mimi, ananidai bado zile pesa za mapazia.

Lakini nawe nina neno nawe. Mzee wako anapougua unampa hotuba ukurasa mzima, anaomba radhi kwa kila mnunuzi mmoja mmoja. Mwache. Katika igizo jingine la Eduardo, la mwaka 1946, mume anakaa roshanini anamweleza jirani namna ya kupika kahawa. Jirani haonekani hata mara moja, tunamwona mume tu akisikiliza na kujibu. Anakaanga buni mwenyewe, na kahawa ikichuja anavika mdomo wa birika kikofia cha karatasi ili harufu isitoroke. Ndani ya nyumba kuna mwanaume mwingine na pesa zisizojulikana zilikotoka, lakini yeye anaongelea kikofia. Uchungu wote tunaupata hapo. Mzee wako naye mpe kitu cha kushika. Zile hati tatu za kiwanja, kwa mfano, azikunje, azikunjue. Na akiugua, uziwi ule wa uongo uwe wa kweli, wanunuzi waje kumsamehe naye asisikie. Mimi ningefanya hivyo, lakini igizo ni lako.

Na lahaja yetu usiisafishe. Eduardo alinunua ukumbi wa San Ferdinando, gofu la mabomu, mwaka 1948, akacheza filamu nyingi apate pesa za kuujenga, akaufungua mwaka 1954, yote ili Kinapoli kiwe na nyumba. Na mwaka 1973 London wakaigiza igizo lake kwa Kiingereza, Laurence Olivier mwenyewe, yule mwigizaji mkubwa wa Uingereza, akiwemo. Cha nyumbani hakikumzuia kufika.

Bibi ameamka, anaita. Nilimweleza habari za mzee wako kwa Kiitaliano changu cha kuungaunga, akacheka mpaka akakohoa, na kila asubuhi sasa ananiuliza, yule kiziwi wa kwenu, ilikuwaje? Namwambia mwandishi hajaamua. Tuma upesi, ana miaka 91.

Nisalimie mama na wote wa barazani.

Ni mimi, shoga yako.