Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kodi ya Ploti na Mapaa ya Shule

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama, na vijana mliojiunga mwaka huu: salaam alaikum, na hamjambo nyote.

Mambo ya kawaida nitayapita mbio. Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma mwenyewe baada yangu. Mitaro ya mtaa wa Maweni ilizibuliwa kabla ya masika. Taka za karibu na soko bado zinatushinda. Kamati ya maziko imefanya kazi kubwa, na shukrani zake huwa tunazisahau. Hayo yatosha, maana kuna jambo moja lililotukesha zaidi ya mengine yote, na ndilo nililojia.

Mnalijua. Ni ile hoja kwamba kodi ya ardhi tunayoilipa kaunti ipandishwe, na nyongeza hiyo itengeneze majengo ya shule za umma hapa Malindi. Haikuletwa na wageni. Imetoka kwa wenzetu, na baadhi yao wamekaa humu ukumbini. Ni wazazi waliochoka kuona watoto wao wakihamishwa darasa kila mvua inaponyesha. Kamati yenu iliijadili na ikakataa kuiunga mkono. Tangu hapo nimesikia mitaani kwamba wenye ploti hawataki watoto wa maskini wasome chini ya paa. Maneno hayo yameniuma, lakini kujibu kwa hasira hakusaidii. Nitaeleza sababu.

Kwanza, hali ya majengo hatuibishii. Kila aliyejenga karibu na bahari anajua hewa ya chumvi inavyofanya kazi. Mabati hutoboka kabla ya wakati wake, nondo zikapata kutu ndani ya zege, kutu ikavimba na zege likabanduka vipande vipande juu ya vichwa vya watoto. Pale ambapo fundi alitumia mchanga wa baharini kupunguza gharama, chumvi ilikuwa ndani tangu siku ya kwanza. Halafu Januari 2023 ikaja sekondari ya chini, ikawekwa ndani ya shule za msingi zilezile. Vyumba vilivyokuwa vimefungwa kwa ubovu vikafunguliwa kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuwaketisha wanafunzi. Anayesema shule zetu hazihitaji ukarabati hajazikanyaga siku nyingi.

Lakini ukarabati huo ni kazi ya nani? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa kazi kati ya serikali mbili. Shule za msingi, za sekondari na za elimu maalumu ziko upande wa serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto wadogo. Na Kifungu cha 209 kinaipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya mali, ambayo ndiyo hii ya ploti, na ya burudani. Kwa hiyo ukilipa kodi ya ploti unaipa pesa serikali ambayo kazi ya kuezeka shule ya msingi si yake. Ni sawa na kumlipa fundi wa madau ili akushonee kanzu.

Ndugu mmoja alinijibu kwamba pesa ni pesa, zitengwe tu kwenye akaunti ya shule. Hapo ndipo wengi hawajaangalia vizuri. Kifungu cha 207 kinataka mapato ya kaunti yaingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa yale ambayo sheria imeyatoa. Nyongeza yetu ingeingia humo pamoja na ada za soko, za maegesho na leseni za biashara. Kuzitoa kunahitaji idhini ya Msimamizi wa Bajeti, afisa wa kitaifa anayeruhusu fedha za umma zitolewe, na yeye huangalia kama matumizi yanaruhusiwa kisheria. Kwa hiyo tungelipa zaidi, pesa zingeingia, halafu kuna mawili: ama zizuiliwe zikiombewa shule za msingi, ama ziende kwenye mishahara na madeni ya wakandarasi. Kodi ikishapanda, hatujui mji ambako ilishuka kwa sababu lengo lake halikutimia.

Ipo njia halali, nayo tumeitaja kwenye barua yetu. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine kazi kwa makubaliano, na kinataka rasilimali za kazi hiyo zihamishwe pamoja nayo. Kama kaunti inataka kuchukua ukarabati wa shule za msingi, basi fedha zitoke Nairobi zije na kazi. Zisitoke mitaa yetu ya Shela na Barani.

Sasa nije kwa nani angelipa, maana hapa pana utamu na uchungu wa Malindi yenyewe. Mtu wa bara akisikia "kodi ya mali" anamwona tajiri mwenye ghorofa. Sisi tunajua kwamba pwani hii watu wengi wana nyumba bila ardhi. Ardhi ni ya mtu mmoja, pengine yuko Mombasa, pengine ng'ambo, na nyumba ni ya mwingine anayemlipa ijara, yaani malipo ya kukaa kwenye ardhi hiyo. Mambo haya yametoka mbali, tangu ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliyowapa wachache hati za mashamba ambamo wengine walikuwa tayari wanaishi. Kodi ya kaunti humwangukia mwenye hati. Mwenye hati haumii: anapandisha ijara. Na mwenye nyumba ya udongo na makuti Kisumu Ndogo hana barua ya kukatia rufaa, kwa kuwa kwa macho ya sheria yeye si mlipa kodi ya ardhi. Huyo ndiye mzazi wa mtoto anayekaa chini ya paa linalovuja. Tungemtoza kwa mlango wa nyuma kwa jina la kumsaidia.

Lipo na jambo la pili. Katika miji yetu kodi hii kwa kawaida hukokotolewa kwa thamani ya ardhi tupu. Kilichojengwa juu hakihesabiwi. Familia ya zamani yenye nyumba ya mawe karibu na ufuo, mapato yake ni pensheni ya babu na samaki wa mjukuu, inaweza kudaiwa sawa na jirani mwenye vyumba vya kukodisha watalii kwenye kiwanja cha ukubwa uleule. Asilimia ikipanda inawapandia wote wawili. Mmoja ataongeza bei ya chumba, mwingine ataanza kumsikiliza dalali. Nimewaona madalali hao wakizunguka, na hawahitaji msaada wetu. Na deni la kodi hii halisahauliki: bila cheti cha kuonyesha hudaiwi, huhamishi ardhi, hata kumrithisha mwanao kunakwama.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi yetu ilitolewa na mama mmoja kwenye mkutano wa Muyeye. Alisema hivi sasa wazazi wanachangishwa kila muhula: ya dawati, ya rangi, ya choo. Afadhali kodi inayowagusa wote kuliko mchango unaomfukuza mtoto darasani. Sikuwa na jibu la haraka, na bado naiheshimu hoja yake. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure 2003, na mgao wa serikali umekuwa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Gawanya hizo kwa vitabu, chaki, maji na umeme, uone kinachobaki kwa ajili ya bati. Pengo lipo, na mfuko wa maeneo bunge, yaani pesa za serikali ya kitaifa zinazogawiwa kila eneo bunge, ndio uliokuwa ukiliziba kidogo kidogo. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya mfuko huo ya 2015 inakiuka Katiba, ikaupa mwisho wa 30 Juni 2026, na wabunge wakakata rufaa. Naelewa kwa nini wazazi wametafuta mahali pengine pa kushika. Ila mama huyu ni mpangaji wa ardhi. Mchango wa shule anaweza kuupinga kwenye kikao cha wazazi. Ijara ikipanda atampingia nani?

Tulichoomba badala yake ni hiki. Daftari la thamani ya ardhi lipitiwe upya kabla ya mtu yeyote kugusa viwango. Sheria ya zamani, Sura ya 266, ilitaka lifanywe upya angalau kila miaka 10, na sasa tuna sheria mpya ya kitaifa ya 2024. Wenye ploti kubwa zilizolala wadaiwe malimbikizo yao kwanza. Serikali ya kitaifa ilipe mchango wake badala ya kodi kwa ardhi ya umma iliyoko mjini, kama sheria inavyotaka. Na orodha ya shule zinazohitaji mapaa, yenye picha na makadirio ya fundi, ipelekwe wizarani kupitia bodi za shule. Wanachama wetu wawili ambao ni wakadiriaji majenzi wamejitolea kuiandaa bila malipo.

Kuhusu chekechea msimamo wetu ni mwingine. Hiyo ni kazi ya kaunti bila ubishi, na vyumba vingi vya chekechea vimo ndani ya viwanja vya shule za msingi. Kaunti ikivitengea fedha katika bajeti ya kawaida, tutakwenda kuunga mkono kwa sauti kubwa, na nawaomba mje.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na maoni ya wananchi husikilizwa baada ya hapo. Tunataka kwenda na ushahidi mkononi. Mwenye risiti za kodi ya ardhi za miaka ya nyuma alete nakala kwa katibu. Anayelipa ijara alete barua yoyote ya kupandishiwa aliyowahi kupokea, hata kama iliandikwa kwa mkono. Majina tutayafunika kabla ya karatasi hizo kutoka nje ya ofisi.