Linux ya leo inaenea kwenye disketi moja

Mhariri,

Wanaojifunza mifumo endeshi huambiwa kwamba Linux ya sasa haiwezi kuingia kwenye disketi. Inaingia, na tungependa walimu wa vyuo waifanye kuwa zoezi. Kinachowashinda wengi ni kupunguza kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kwa kubahatisha.

Disketi ya inchi 3.5 ina njia 80 kila upande, sekta 18 kila njia, baiti 512 kila sekta. Jumla ni baiti 1,474,560, yaani kilobaiti 1,440. Humo vienee mfumo wa faili wa FAT, SYSLINUX ya kuwashia, kerneli, na initramfs (faili za mwanzo zinazopakiwa kwenye RAM) yenye BusyBox (programu moja yenye amri nyingi za kawaida). Kerneli ikivuka kilobaiti 900 hivi, vingine vinakosa pa kukaa.

Ukichukua usanidi wa kawaida wa kerneli na kung'oa kimoja kimoja utachoka kabla hujafika. Anza chini: amri ya make ARCH=i386 tinyconfig huzima karibu kila kitu na kuchagua ubanaji wa XZ. Kisha rudisha unachohitaji kwa menuconfig (menyu ya usanidi), na hapa ndipo pa kuwa makini. Bila PRINTK (ujumbe wa kerneli) na TTY (koni ya maandishi) skrini hubaki kimya, hata kosa hulioni. Bila BINFMT_ELF (uwezo wa kuendesha programu za Linux), BusyBox haiendeshwi. Na kama init yako (programu ya kwanza kuendeshwa) ni skripti, BINFMT_SCRIPT nayo ni lazima. BLK_DEV_INITRD (uwezo wa kutumia initramfs) iwashwe pamoja na mbinu ileile uliyobania initramfs. Kwa mashine ya 486, kama toleo lako la kerneli bado linaiunga mkono, chagua kichakataji hicho kwa jina, maana kerneli ya 686 itakataa kuwaka. Ikiwa ni 486SX, ongeza MATH_EMULATION. Na ukitaka kusoma disketi baada ya kuwaka, draiva yake ijengwe ndani ya kerneli. Ukiifanya moduli (kipande kinachopakiwa baadaye) na kuiacha kwenye disketi yenyewe, utakuwa umefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Kila unapoongeza kitu, pima. Amri ya size vmlinux hutoa jumla, nm --size-sort huonyesha kinachokula nafasi, na scripts/bloat-o-meter hulinganisha kerneli mbili. Mtandao ni mlaji mkubwa. Kama mashine haiuhitaji, NET ibaki imezimwa. XZ huokoa nafasi kwenye disketi tu, si kwenye RAM, na kwenye kichakataji cha zamani hufungua polepole. Nafasi ikiruhusu, ubanaji wa gzip ni bora.

Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilikabiliana na hesabu hizi zamani, likiwemo toleo lake la 3.0 la mwaka 2002, ikigawa usakinishaji katika disketi kadhaa. BusyBox yenyewe ilianzishwa na Bruce Perens kwa ajili ya disketi hizo. Wengine walipanua disketi: tomsrtbt, Linux ya disketi moja, ilitumia njia 82 na sekta 21, ikapata kilobaiti 1,722. Hatuwashauri wanafunzi waanzie huko, kwa sababu baadhi ya viendeshi vya disketi havisomi mpangilio huo.

Mwisho, disketi zilizobaki ni kuukuu. Sekta moja ikiharibika katikati ya kerneli, ufunguaji unakwama na mashine inasimama, na mwanafunzi atarudi kuhangaika na usanidi usio na kosa. Ukishaandika faili la disketi kwa amri ya dd, isome disketi yote tena na uilinganishe na faili hilo la asili kwa amri ya cmp. Zikitofautiana hata baiti moja, tupa disketi hiyo uchukue nyingine.

Mafundi wa kompyuta,
Morogoro