Usisubiri kupambazuke

Mwanangu,

Jana kwenye simu ulilisema kama jambo la kupita tu: kwamba usiku wa Jumapili mtoto alikuwa na joto kidogo, mkampa dawa ya kushusha homa, likashuka, na asubuhi akaamka anacheza. Kisha ukaniuliza habari za bomba la jikoni linalovuja. Sikukujibu vizuri kuhusu bomba. Tangu hapo sijatulia, na nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza ukinituliza mimi badala ya kunisikiliza.

Safari hii mmebahatika. Usije ukaichukua bahati hiyo kuwa ndiyo utaratibu.

Mtoto anayetibiwa saratani ya damu, kama wako, chembe zake nyeupe za damu hushuka siku kadhaa baada ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14. Zile zinazoitwa nyutrofili ndizo za kwanza kumkimbilia bakteria anapoingia. Zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita, mwili hauna wa kumtuma. Kwenye karatasi ya majibu maabara moja itaandika 500 na nyingine 0.5, na ni kitu kilekile. Tazama kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba usije ukatishika au ukajifariji bure. Sasa hapa ndipo wazazi wengi wanapodanganyika. Usaha ni nyutrofili zilizokufa zikipigana. Mtoto asiye nazo hatoi usaha, kidonda chake huenda kisivimbe wala kuwa chekundu, hata mapafu yake yanaweza kuonekana safi kwenye picha ilhali yana maambukizi. Ishara inayobaki ni homa, na mara nyingi ni hiyo peke yake. Ukiizima kwa dawa umezima kengele, moto bado unawaka ndani. Bakteria wakishaingia kwenye damu, mtoto aliyekuwa anacheza jioni anaweza kupoteza shinikizo la damu kabla ya alfajiri.

Kwa hiyo: 38 au zaidi, piga simu wodini na ondoka. Kama madaktari wake wamekuandikia namba tofauti na hiyo, fuata yao. Ikiwa kati ya 37.5 na 37.9, usimpe kitu cha kushusha homa, pima tena baada ya nusu saa. Akitetemeka, akilegea, akipumua haraka, akiwa na mikono ya baridi au akikataa kuamka vizuri, usingoje namba yoyote, hata kipimajoto kikisoma 36. Ile deksamethasoni anayopewa inaweza kuificha homa kabisa, na wiki anazotumia dawa hiyo ndizo ninazoziogopa kuliko nyingine zote. Nimeona umeandika kwenye daftari “leo amelegea, lakini hana homa.” Neno “lakini” halikupaswa kuwepo hapo.

Upimaji wenyewe nao una kasoro ndogondogo zinazoharibu kila kitu. Kausha kwapa kwanza, jasho hupoza ngozi. Ncha ya kipimajoto ikae katikati ya kwapa, iguse ngozi pande zote, isiguse nguo. Teremsha mkono wake ubane kifuani, kisha wewe mwenyewe uushikilie mpaka kilie. Mtoto wa miaka mitano akiachiwa aushike atauinua kuangalia, na utasoma nusu nyuzi pungufu. Akitoka kuoga au kwenye blanketi zito, mpe dakika 20 kabla ya kupima. Andika saa na namba hapohapo. Usipime kwa njia ya haja kubwa hata siku moja, na chochote kisipite huko: si kipimajoto, si dawa ya kupachika, si maji ya kusafisha tumbo. Utando wa huko kwa mtoto huyu ni kama karatasi iliyolowa, mkwaruzo mdogo unatosha kuwafungulia njia bakteria wa utumbo waingie kwenye damu.

Nalisema hili kwa sababu vinkristini itamfungia choo, kama haijaanza. Dawa hiyo inazubaisha mishipa ya fahamu: utumbo unapoa, taya linauma, na wiki kadhaa baadaye unaweza kuona anaburuta vidole vya mguu akitembea au anashindwa kupanda ngazi. Choo kigumu kinachana. Waombe dawa ya kulainisha ya kunywa mapema, siku ya sindano yenyewe, msingoje siku ya nne mtoto akilia. Na miguu ikianza kuburuta, iandike uwaambie, wasije wakagundua wenyewe.

Pia jambo hili mwambie mkeo, maana najua linamsumbua: bakteria wengi wanaowaangusha watoto hawa hutoka ndani ya miili yao wenyewe, mdomoni, kwenye utumbo na kwenye ngozi. Mikono ioshwe kila mara, mwenye mafua akae mbali, lakini homa ikija msianze kutafuta ni nani aliyekuja kumsalimia. Mtapoteza saa nzima mkilaumiana. Mdomo wake ndio mlango mnaoweza kuulinda: mswaki laini mara mbili kwa siku, kusukutua kwa maji yenye chumvi kidogo kila baada ya kula, na vidonda vyeupe vikitokea visisubiri kliniki ijayo.

Mkifika hospitali, usikae kwenye foleni. Sema dirishani, kwa sauti inayosikika: “Mtoto wangu anatibiwa saratani, ana homa, chembe nyeupe ziko chini.” Hapo wanatakiwa wachukue damu ya kuotesha, yaani ya kutafuta bakteria waliomo, kisha wamtundikie antibayotiki ndani ya dakika 60 tangu mlipoingia, bila kungoja majibu ya maabara, kwa kuwa majibu ya kuotesha huchukua siku moja au mbili na zaidi. Ukiona nusu saa imepita hajaguswa, simama, uliza tena. Mhudumu wa usiku anaweza kuwa hajawahi kumshika mtoto wa kemo, na mtoto mwenyewe atakuwa amekaa mapajani mwako anatazama taa, haonekani mgonjwa kuliko wengine pale. Karatasi ya muhtasari ndiyo itakayokusemea: aina ya ugonjwa, tarehe ya kemo ya mwisho na majina ya dawa, dawa zinazomdhuru, namba ya simu ya wodi, na kwamba ana kifaa cha dawa chini ya ngozi kifuani. Kifaa hicho nacho kina tabia yake. Akitetemeka kwa baridi ndani ya saa moja hivi baada ya kusafishwa kwa maji ya chumvi, huenda bakteria wamejificha humo na wamesukumwa kuingia kwenye damu. Toa taarifa hata kama mmeshafika nyumbani.

Nakujua, mwanangu. Usiku wa manane utajiambia usiwasumbue watu, ungoje kupambazuke, daktari alale. Tabia hiyo hukuitoa mbali. Umeniona mimi miaka yote nikiona haya kugonga mlango wa mtu usiku, na ukadhani ndiyo adabu. Kwa jambo hili si adabu. Gonga. Wakikurudisha nyumbani mara tisa kwa sababu haikuwa kitu, nenda na ya kumi.

Daftari lako, hata hivyo, nimelisoma lote ulivyonitumia picha zake, nikamwonyesha na mama yako. Mistari imenyooka, dawa, saa, na nani aliyempa. Nimefanya kazi na wauguzi waliosomea ambao hawakuandika hivyo. Ongeza tu safu moja ya matapishi: akitapika muda mfupi baada ya kumeza, usirudie dozi kwa kukisia, piga simu wakuambie.

Na methotreksati mwandikie siku yake kwa wino mwekundu. Katika awamu ya matunzo, ile ndefu ya mwisho, ni mara moja kwa wiki. Merkaptopurini ndiyo ya kila siku. Vidonge vyote viwili ni vidogo, rangi zinaweza kukaribiana, na mtu aliyechoka akivichanganya akatoa methotreksati kila siku anaweza kumuua mtoto kwa wiki moja. Viweke kwenye vikopo viwili, rafu mbili tofauti. Merkaptopurini impe saa ileile kila jioni. Usisage vidonge kwenye kijiko cha jikoni. Kama hawezi kumeza, waulize namna ya kuviyeyusha, na uvae glavu. Mkeo na ujauzito wake asivishike kabisa, wala asifue shuka zenye mkojo au matapishi ya mtoto kwa saa 48 baada ya kemo, mabaki ya dawa hutoka humo. Ndiyo maana usiku ni wako. Najua unatoka kazini umechoka.

Umeniuliza kwa nini waendelee kumpa dawa miaka miwili na zaidi iwapo uboho umeonekana safi baada ya wiki tano tu. Siku alipogunduliwa alikuwa na chembe za saratani zinazokaribia trilioni moja. Hadubini ikisema safi, bado zinaweza kubaki hata bilioni kumi ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha na nyingine. Mwaka 1948 Sidney Farber na wenzake kule Boston walieleza jinsi aminopterini, dawa ya ukoo mmoja na methotreksati, ilivyowapa nafuu watoto wenye ugonjwa huu. Wale watoto walikaa vizuri kwa miezi, kisha ukarudi, kwa sababu ilikuwa dawa moja na kilichobaki hakikufuatwa. Leo, kwenye nchi zenye huduma kamili, zaidi ya watoto 8 katika 10 wenye saratani hupona, na kufuata kilichobaki ni sehemu kubwa ya sababu. Ndiyo maana nakuomba usije ukaruka dozi kwa kuwa anaonekana mzima. Atakuwa anaonekana mzima muda mwingi.

Kuhusu ile miezi ya mwanzo, alipokuwa anasema miguu inauma: mkeo aache kujihesabia siku. Alipeleka neno kwa mtu mzima aliyepaswa kujua, akajibiwa ni maumivu ya kukua. Aliyejibu hivyo analala nalo. Yeye hana deni, wala hakuna kitu alichomlisha au kuacha kumlisha kilicholeta ugonjwa. Mara nyingi ni chembe moja iliyokosea ilipokuwa inajigawa, basi.

Kaka yake ndiye ninayeona mnamsahau. Mtoto wa miaka tisa akiambiwa “dada anaumwa kidogo” atajitungia yaliyobaki, na kwa kawaida atajitungia kwamba alimsababishia yeye siku ile walipogombana. Mwambie jina la ugonjwa. Mwambie hauambukizi, hakuuleta, na nywele zitaota tena. Kisha mpe kazi moja ya kweli: yeye ndiye wa kukuambia mara tu akisikia shuleni kuna tetekuwanga. Mgonjwa wetu akikaa chumba kimoja na mwenye tetekuwanga au surua, mpigie daktari siku hiyohiyo, kwa sababu sindano ya kingamwili za tetekuwanga, ambayo si chanjo, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya siku 4. Vipele vikishatoka mmechelewa kwa sindano hiyo. Na yeye mwenyewe asichanjwe chanjo yoyote ya virusi hai mpaka wodi iruhusu.

Hasira zake za wiki ya deksamethasoni msizichukulie kama utovu wa adabu. Ataamka saa 9 usiku anataka kula, atakulilia, atamsukuma kaka yake, na siku chache baada ya dawa kwisha atarudi alivyokuwa. Dawa mpe asubuhi na alasiri kama wanaruhusu, usingizi utakuwa na nafuu. Adhabu hazina faida wiki hiyo. Nilimsikia jana akipiga kelele nyuma yako, nawe ukampandishia sauti. Umechoka, naelewa. Lakini kwenye dawa na sindano usimdanganye kamwe; sindano inauma, mwambie inauma na itakwisha ukihesabu hadi kumi. Ukimdanganya mara moja, kila mlango wa wodi atauingia kwa kubebwa.

Dawa ya kushusha homa iliyo kabatini itoe. Si lazima uitupe, iweke juu kabisa, ndani ya kopo lililoandikwa “piga simu kwanza.” Zile za ibuprofeni na aspirini ondoa nyumbani, zinavuruga ugandaji wa damu na yeye chembe za kugandisha zinashuka pamoja na nyeupe. Ukiona vidoa vyekundu vidogo vidogo miguuni visivyopauka ukivibonyeza, au fizi zinatoa damu isiyokoma, ni safari ileile ya usiku.

Mfuko ukae nyuma ya mlango, umeshafungwa: karatasi ya muhtasari, daftari, nguo mbili zake, chaja, glavu, mdoli wake. Simu isilale bila chaji. Mpangane na jirani mmoja mwenye gari, umwambie wazi kwamba siku moja utamgongea saa 8 usiku, akubali sasa. Na yale maua ya ndani yenye udongo mbichi yatoeni nje, ukungu huota humo. Paka abaki, ila choo chake asikisafishe mtoto wala mama yake.

Bomba la jikoni: funga maji kwenye koki iliyo chini ya sinki, fungua mpini, kuna mpira mdogo mweusi ndani umeisha. Usikaze kwa nguvu, utapasua. Nikija Ijumaa nitakuja na mpira mpya, na nitakaa zamu za usiku mpaka Jumatatu ulale.

Kipimajoto chenu kinatumia betri ndogo ya duara. Nimebandika mbili nyuma ya karatasi hii, moja ya kubadilisha leo na moja iingie kwenye mfuko.

Ni mimi,
Baba yako